Fundi wa makubadhi wa Ngamiani na matandiko ya farasi wa mfano

Kwa miezi kumi na minne sasa nimekuwa nikiwapeleka farasi wangu wa mfano, yaani sanamu ndogo za plastiki za farasi, kwa fundi mmoja wa makubadhi katika mitaa ya Ngamiani, hapa Tanga, ili awashonee matandiko ya kuonyeshea. Mpaka leo amenitengenezea vitu vinne: hatamu mbili, seruji moja ya Kizungu, yaani tandiko la kukalia mpandaji, na vazi kamili la farasi wa Kiarabu. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wachache wa pwani wanaokusanya farasi hawa na ambao bado huagiza matandiko kutoka ng'ambo kwa bei inayoweza kumzidi farasi mwenyewe. Fundi huyu ana kazi moja ambayo sijaona mkono ulioifanya vizuri zaidi, na ana kazi nyingine ambayo singemshauri mtu aitolee fedha, na ni vyema mnunuzi azijue zote mbili kabla hajafika barazani kwake.

Farasi ninaowazungumzia ni wale wakubwa wa Breyer, wa skeli ya 1:9, ambao kila sentimita moja ya mwili wao inasimama mahali pa sentimita tisa za farasi wa kweli. Kampuni hiyo ilianza kutengeneza farasi mjini Chicago mwaka 1950, na farasi wake wa kwanza hakukusudiwa kuuzwa peke yake, bali alikuwa pambo la saa ya mezani. Wanunuzi wakampenda farasi kuliko saa, na umbo moja likafuatwa na jingine mpaka leo. Wapo pia wadogo wa skeli ya 1:32 ambao hutosha kiganjani, na wapo wa kampuni nyingine kama Schleich ya Ujerumani, lakini kwa kazi ya ngozi na sindano hao wakubwa ndio wanaofaa. Wawili niliompelekea fundi nililetewa na mjomba wangu aishiye Maskati: mmoja ni Mwarabu wa kijivu mwenye shingo ya upinde, na wa pili ni hudhurungi wa umbo liitwalo Adios, lililochongwa na Chris Hess, ambaye husimama imara kwa miguu yote minne na kwa hiyo hukubali tandiko la aina yoyote.

Kuwakusanya na kuwapanga kabatini ni sehemu ndogo ya shughuli yenyewe, kwa sababu raha na taabu yake viko katika kuwaonyesha. Katika maonyesho farasi hupangwa mezani kwa madaraja, na mwamuzi hupita akiwatazama mmoja mmoja. Yako madaraja ya umbo, ambamo huangalia kama mifupa, misuli na rangi vinalingana na aina ya farasi iliyoandikwa kwenye kadi na kama hakuna mkwaruzo wala rangi iliyochubuka. Na yako madaraja ya kazi, ambamo farasi huvishwa matandiko na kuwekwa katika tendo fulani, na mwamuzi hujiuliza swali moja zito, kwamba lau kiumbe huyu angetiwa pumzi saa hii, je, angeweza kuifanya kazi hiyo bila kuumia na bila kumwangusha mpandaji? Huko Marekani na Kanada washindi wa kwanza na wa pili katika maonyesho yanayotambuliwa na NAMHSA, shirika la maonyesho ya farasi wa mfano la Amerika Kaskazini, hupewa kadi zinazowaruhusu kushiriki mashindano ya kitaifa. Sisi tulio mbali hushiriki kwa picha, na picha haina huruma, kwani kosa ambalo jicho hulisamehe mezani, kamera hulikuza mara kumi.

Hapa kwetu farasi wa kweli ni nadra. Mbung'o na ugonjwa wa nagana anaoueneza, pamoja na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi, viliwafanya farasi wasidumu katika sehemu kubwa ya nchi, ilhali punda, ambaye huuhimili vizuri zaidi ugonjwa huo wa visubi, tunamwona njiani kila siku akivuta mkokoteni. Hata hivyo lugha yetu haikuwapoteza farasi. Tunayo hatamu, tunalo lijamu, kile chuma cha mdomoni, tunavyo vigwe na vikuku vya kuwekea miguu, tunayo seruji. Na kwa mwendo tunayo telki, matiti na shoti, kila neno likiwa na mahali pake. Nilipomkuta fundi huyu anayajua maneno hayo yote, wala hayajui kwa kuyasoma, nilihisi kwamba nimefika kwa mtu anayestahili.

Siku ya kwanza nilimkuta akigonga visigino, nikaketi pembeni ya kizimba chake cha ngozi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Huyo ni mwanasesere wa mtoto?”

Nikamweleza kwamba si wa kuchezea, na kwamba atapigwa picha na kuhukumiwa. Alimpokea kwa mikono miwili, akamtazama kwato moja baada ya nyingine kama mtu anayemkagua punda kabla ya kumnunua, kisha akauliza: “Mdomo umefumba. Lijamu litapita wapi?” Swali hilo ndilo gumu kuliko yote katika kazi hii, na wapo wanaoshona hatamu kwa miaka bila kulijibu vizuri. Jibu tulilolipata pamoja ni lijamu la vipande viwili, kila kimoja na pete yake, kinachoegemezwa kwenye pembe ya mdomo kwa punje ya nta ya nyuki isiyozidi ukubwa wa mbegu ya ufuta. Nta hiyo hushika vya kutosha muda wote wa picha na hutoka bila kuacha alama, ila katika joto letu la Januari na Februari hulainika, na kwa hiyo mimi hupiga picha asubuhi kabla jua halijapanda.

Hatamu ya kwanza haikufaa. Mikanda yake ilikuwa na upana wa milimita tatu, ambao kwa farasi wa kweli ni karibu sentimita tatu, upana wa mikanda ya punda wa mkokoteni. Mkanda wa shavu wa hatamu nyepesi una upana wa kama milimita 16, yaani chini kidogo ya milimita mbili katika skeli yetu, na unene wa ngozi unapaswa kushuka mpaka karibu nusu milimita. Ngozi ya ng'ombe anayoitumia kwa nyayo za makubadhi haikubali kufika huko, kwa kuwa ukiikwangua mno hukatika. Nilimpelekea vipimo vilivyoandikwa, naye bila kubishana aliiacha ngozi hiyo, akachukua ya mbuzi, akaikwangua upande wa ndani kwa kisu chenye makali mapana huku ameitandaza juu ya kipande cha kioo. Hatamu ya pili ilitoka na mikanda ya milimita mbili, mishono isiyoonekana mpaka uikaribishe machoni, na pete alizozikunja kutokana na waya wa shaba wa mota iliyoungua. Kasoro yake ni kwamba vifungo ni vya mapambo tu: ulimi wa kila kifungo umeshonwa palepale, kwa hiyo hatamu hiyo humkaa farasi mmoja na haiwezi kuongezwa wala kupunguzwa kwa mwingine. Mtu mwenye farasi wengi ataliona jambo hili kuwa hasara, na mimi nimeliona.

Sasa niseme juu ya vazi la Kiarabu, kwa maana ndilo lililonifanya niandike. Katika maonyesho kuna daraja maalumu la mavazi ya Kiarabu, ambamo farasi huvishwa kitambaa cha tandiko, mkanda wa kifuani, hatamu iliyorembwa, na vishada vinavyoning'inia kila mahali, na mwamuzi huangalia wingi wa mapambo usizidi mpangilio wake. Matandiko ya daraja hili ninayoyaona kwenye picha za ng'ambo hupambwa kwa shanga na riboni, na mengi ni mazuri, lakini mara nyingi huonekana kama nguo ya sherehe iliyokatwa ikapunguzwa, kwa sababu maua yake ni ya kitambaa cha mtu na si ya kitambaa cha farasi mwenye urefu wa sentimita 17 mabegani. Fundi wangu hakununua kitambaa. Alimpa kazi hiyo shemeji yake, mama ambaye kwa miaka mingi ameshona kofia za mkono, zile zenye matundu madogo yaliyozungushiwa uzi, na mama huyo akakitoboa na kukizungushia kitambaa cheupe cha pamba maua madogo kiasi kwamba ua zima hufunikwa na punje ya mchele. Yeyote aliyewahi kuitazama kofia nzuri kwa karibu anajua kwamba mkono unaoweza tundu la milimita moja kwa kofia ya Idi unaweza kulirudia tundu hilo mara mia tano bila moja kulizidi jingine. Nilipokiweka kitambaa kile juu ya mgongo wa Mwarabu wa kijivu, nilikaa kimya kwa muda, kwa kuwa kwa mara ya kwanza niliona kitu kilichopunguzwa mara tisa ambacho hakikuonekana kimepunguzwa.

Vishada navyo ni kazi ya fundi mwenyewe. Kila kimoja kina urefu wa milimita sita, cha uzi wa hariri mwekundu wa damu ya mzee, kikiwa kimefungwa shingoni kwa mizunguko mitatu ya uzi mweusi. Viko 42, nimevihesabu, na vyote hukatika chini kwa mstari mmoja. Mkanda wa kifuani umesukwa kwa ngozi nyembamba ya rangi mbili, usuko ule ule wa makubadhi ya harusi, na katikati yake ameweka duara dogo la bati lililogongwa likatoa nukta. Jambo linaloonyesha kwamba alifikiri kama mtu wa mnyama na si kama mtu wa urembo tu ni kwamba vishada vya mkanda huo vimekoma kabla ya bega linapokunjika, na nilipomuuliza alijibu kuwa mguu ukinyanyuka lazima upate nafasi. Picha ya farasi huyo ilipata nafasi ya pili katika maonyesho ya picha niliyoyaingia, na mwamuzi alisifu ulinganifu wa kitambaa na mwili.

Lipo moja la kulalamikia hata hapo. Waya wa shaba ukikaa katika hewa yetu ya bahari hufanya kutu ya kijani, na baada ya miezi minne pete za hatamu ya vazi zilianza kuacha kivuli cha kijani kwenye shavu la farasi. Kivuli kilitoka kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, lakini kingekaa zaidi kisingetoka. Tangu hapo namwomba apake pete zote vanishi nyembamba isiyo na rangi na aiache ikauke kabisa siku mbili kabla hazijamgusa farasi. Yeye mwenyewe hafanyi hivyo asipoambiwa.

Seruji ya Kizungu ni habari nyingine. Seruji ya mtu mzima yenye kikalio cha sentimita 43 inakuwa na kikalio cha chini kidogo ya sentimita tano katika skeli yetu, na ndani yake lazima kuwe na kiunzi kilichopinda kufuata mgongo, ili uzito uangukie misuli ya pande mbili na uti wa mgongo ubaki huru. Fundi alichonga kiunzi cha mti kilicho bapa, akakifunika kwa ngozi iliyoshonwa vizuri sana, na matokeo yake seruji ilikaa juu ya mgongo kama kigoda, ikionyesha mwanga chini yake mbele na nyuma. Vikuku alivitengeneza kwa spoki ya baiskeli, ambayo ina unene wa kama milimita mbili, kwa hiyo ukimpandisha farasi huyo katika ukubwa wake wa kweli vikuku hivyo vingekuwa vyuma vya karibu sentimita mbili. Mkanda wa tumbo ulikaa nyuma, katikati ya tumbo, wakati mahali pake ni upana wa kiganja tu nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Tulirudia mara tatu. Mara ya tatu kiunzi kilipinda na vikuku vilikuwa vya waya mwembamba, lakini mkanda ulikuwa bado umerudi nyuma, nami kwa haraka nikapiga picha nikaituma. Haikupata nafasi yoyote, na maelezo ya mwamuzi yalitaja mkanda huo huo. Kosa hilo la mwisho ni langu pia, kwa kuwa nililiona nikalipuuza.

Nimejaribu kuelewa kwa nini mkono uliotoa vazi lile ushindwe na seruji, na naona sababu iko katika kile ambacho macho yake yamekizoea. Pambo, usuko na kishada amevikuta tangu utotoni, na punda wa mkokoteni amemfunga kwa mikono yake mwenyewe. Seruji ya Kizungu hajaiona mgongoni mwa farasi hata siku moja, na picha nilizomletea zilikuwa za ubavuni tu. Anayetaka kumpa kazi hiyo ampelekee picha za mbele, za nyuma na za juu, pamoja na kiolezo cha karatasi kilichokatwa juu ya mgongo wa farasi wake mwenyewe. Hata hivyo ushauri wangu ni kwamba seruji ya Kizungu inunuliwe mahali pengine kwa sasa.

Kuhusu usalama wa farasi wenyewe, hapa natumia maneno mazito kwa makusudi: usimwache farasi wako kwa fundi usiku kucha. Farasi wa Breyer wa skeli hii kwa kawaida hutengenezwa kwa selulosi asetati, plastiki nzuri ya kuchora na kusugua, ambayo hata hivyo huchukia joto na unyevunyevu, vitu viwili ambavyo Tanga haikosi. Ikikaa muda mrefu katika joto lenye unyevu inaweza kuanza kuoza kutoka ndani, ikatoa harufu ya siki, mwili ukanywea au ukatoka majimaji. Ikipigwa na jua mfululizo rangi hupauka. Na miguu ikishika joto kali hupinda chini ya uzito wa mwili. Hudhurungi wangu aliachwa adhuhuri moja juu ya meza ya bati kando ya baraza, na nilipomfuata alasiri mguu wake wa nyuma wa kushoto ulikuwa umeegemea ndani. Nilimrudisha kwa maji ya moto, nikimchovya mguu ule pekee mpaka ukalainika, nikaunyoosha taratibu kisha nikautia katika maji baridi, na sasa anasimama, ingawa nikimweka juu ya kioo kwato hiyo bado haigusi kwa ukamilifu. Fundi aliomba radhi kwa dhati na akakataa kupokea malipo ya hatamu ya siku ile. Gundi ya viatu nayo isikaribishwe kabisa mwilini, kwa kuwa vimumunyisho vilivyomo huweza kula rangi, na asetoni huiyeyusha selulosi asetati yenyewe. Gundi itumike ngozi ikiwa pekee, na farasi avishwe baada ya siku nzima. Rangi nyeusi ya viatu pia huhamia kwenye farasi mweupe, kwa hiyo ngozi ya ndani iachwe bila kupakwa.

Bei zake kwangu zimekuwa shilingi 18,000 kwa hatamu, 45,000 kwa seruji na 95,000 kwa vazi lote, ikiwemo kazi ya sindano, ambayo niliomba ilipwe mkononi kwa mama aliyeifanya. Kwa vazi lile naona bei hiyo ni ndogo kuliko haki, na nimemwambia. Muda ndio mgumu. Hatamu huchukua wiki mbili akiahidi moja. Vazi lilichukua miezi mitatu, na katika Ramadhani yote hakuna kinachosogea kwa sababu watu wanataka makubadhi mapya ya Idi, na hilo ni haki yao. Anayelenga maonyesho fulani ahesabu mara mbili ya muda atakaoambiwa. Fundi hapokei agizo kwa simu. Unakwenda mwenyewe, baada ya sala ya alasiri, na farasi wako amefungwa ndani ya kanga kuukuu ambayo haimwagi rangi, unapimiwa mbele yako, unaondoka naye.

Wiki iliyopita nilimpelekea punda wa Breyer, masikio wima na tumbo la mviringo, nikamwomba amtengenezee lijamu, kola, kamba na mkokoteni kama ule unaopita mbele ya kizimba chake, kila kitu kikiwa sehemu moja ya tisa, kwa ajili ya daraja la wanyama wa kuvuta. Hakuniomba picha wala vipimo. Alinyanyuka na uzi wake, akavuka barabara, akampima punda aliyekuwa amefungwa chini ya mwarobaini huku mwenye punda akimshikia kichwa, akarudi na fundo saba kwenye uzi ule. Nimelipa nusu, na kazi yenyewe ameniahidi baada ya Idi.